Saa ya Kutia Ufunguo

Katika mkutano wetu uliopita, tulipokuwa tumekaa chini ya miembe tukingojea chakula, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisimama akinitazama. Nilikuwa nimeivua saa yangu ya mkono nikikizungusha kitufe chake cha pembeni, kidogo kidogo, kama ilivyo desturi yangu.

"Shikamoo, mzee. Saa imeharibika?"

"Marahaba, mwanangu. Haijaharibika. Naitia ufunguo."

Akatafuta huo ufunguo mkononi mwangu asiuone. Nilipomweleza kuwa saa hiyo haina betri, na kwamba nisipoizungusha leo basi kesho itasimama, aliniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu pale pale: "Sasa mzee, kwa nini ujisumbue, na siku hizi kila simu ina saa?"

Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wenzangu ambao pengine bado wana saa za namna hiyo katika masanduku yao.

Naanza na jinsi wakati wenyewe ulivyohesabiwa kwetu. Wazee wetu wa Masasi na Newala hawakukosa saa. Walikuwa na jogoo, kivuli na mwezi. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa mabondeni na kina mama wakitoka kuyafuata kabla ya mapambazuko, mtu aliyekosea kusikiliza jogoo alilipa kwa kurudi juani na mtungi kichwani. Kisha zikaja kengele. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani Unguja, wakaanzisha makazi, na misheni haikosi kengele. Baadaye ikaja serikali ya Wajerumani pamoja na boma lake la Newala, na baada yake ya Waingereza, na kila mmoja alitaka watu wafike kwa saa aliyoitaka yeye.

Saa ya mkononi nayo ina historia inayopita mlangoni petu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanaume wengi wa Ulaya walitia saa mfukoni. Ya mkononi ilihesabiwa pambo la wanawake. Vita ndiyo iliyobadili mambo, kwa kuwa askari mwenye bunduki hana mkono wa kuchokoa mfuko. Na vita hiyo ilipiganwa hapa hapa. Mwezi wa Oktoba 1916 Wareno, waliokuwa wamekwisha kuvuka Ruvuma, waliishika Newala, na mwezi uliofuata Wajerumani wakawafukuza. Mwaka mmoja baadaye Waingereza waliwabana Wajerumani wenyewe, hata von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji tarehe 25 Novemba 1917. Vita hiyo ilipokwisha, saa ya mkononi ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha mwanaume.

Hata hivyo, kwa mkulima wa kawaida saa ilibaki kuwa kitu cha padri, karani na bwana shauri. Kilichoishusha mpaka mkononi mwake ni korosho. Katika miaka ya 1950 na 1960 mikorosho ilienea uwandani kote, na msimu ulipofika fedha ziliingia nyumba kwa nyumba. Watu walinunua baiskeli, cherehani, redio na saa. Marehemu baba yangu alinunua yake baada ya msimu wa mwaka 1966/67, katika duka la Mhindi pale Newala. Ilikuwa saa ya Uswisi aina ya Roamer, uso mweupe, mishale ya rangi ya dhahabu, na juu yake imeandikwa vito 17.

Mwaka 1972 nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, baba alimwita dada yake, yaani shangazi yangu, pamoja na mimi. Akaivua saa, akanifunga mkononi mbele ya shangazi, akasema: "Nampa nikiwa hai." Maneno hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Mali ya marehemu humwendea mpwa, si mwana. Baba alijua kuwa akifa na saa mkononi, saa ile ni ya mtoto wa shangazi. Kwa hiyo alinipa mapema, na akamchukua shahidi mwenye haki ya kupinga.

Wenzangu wa miaka ile watakumbuka kengele yetu. Haikuwa kengele, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Reli hiyo ilikuwa mabaki ya njia ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga, ule ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Reli ilitoka Mtwara ikafika Nachingwea, na baadaye Masasi, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Karanga hazikuota kama walivyotarajia mabwana wa London, lakini chuma chao kilituamsha sisi kila alfajiri. Na kwa sababu nilikuwa na saa, nilifanywa mpiga kengele.

Usiku mmoja nikasahau kutia ufunguo. Niliamka gizani, nikaitazama saa, nikaona saa nane. Nikashukuru, nikalala. Nilipoamka mara ya pili jua lilikuwa limekwisha kupanda na saa ilikuwa saa nane vile vile. Shule nzima ilikuwa imelala. Wenzangu walinishangilia kama shujaa. Mimi nilifyeka majani wiki nzima. Fundi wa saa wa Masasi, ambaye alikaa barazani mwa duka kando ya mafundi cherehani, alinifundisha kanuni ambayo sijaivunja tena: saa hutiwa ufunguo asubuhi, wakati ule ule kila siku, wala si usiku mtu akiwa na usingizi.

Fundi huyo ndiye aliyenifungulia funiko la nyuma kwa mara ya kwanza. Naomba mwanafunzi wangu wa chini ya mwembe asome hapa polepole.

Ndani ya saa kuna kamani, yaani ukanda mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo. Unapozungusha kitufe unaikaza kamani hiyo, nayo hutaka kujikunjua. Kama ingeachwa huru ingejikunjua kwa muda mfupi tu. Lakini nguvu yake hupitishwa katika magurudumu ya meno mpaka ikutane na kidude chenye umbo la nanga, ambacho huruhusu jino moja tu lipite kwa wakati mmoja. Anayekiamuru kidude hicho ni gurudumu dogo linalokwenda mbele na kurudi nyuma likisukumwa na uzi wa chuma mwembamba kama unywele. Katika saa nyingi za zamani gurudumu hilo hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku moja. Vile vito 17 ni yakuti za kutengenezwa, zilizowekwa mahali ambapo ekseli huzunguka ili chuma kisilane na chuma. Ukiikaza kamani yote, saa huenda saa 36 hadi 40 hivi, ndipo inapokuomba tena.

Kiswahili chetu kimehifadhi historia ya kazi hiyo. Zamani saa za mfukoni zilizungushwa kwa ufunguo kweli kweli, na ufunguo huo ulianza kuachwa katika karne ya 19. Sisi bado twasema kutia saa ufunguo.

Jambo la pili ambalo saa yenye uso wa mishale ilitufaa ni hesabu yetu wenyewe ya saa. Sisi twaanza kuhesabu jua linapochomoza. Mzungu huanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, na saa sita katika uso wa saa ni kuvuka upande wa pili. Mshale mfupi ukiwa kwenye 4 jioni, piga mstari upite katikati, utaangukia 10, nayo ndiyo saa kumi. Mtoto wa darasa la pili huweza kusoma hesabu mbili katika uso mmoja. Baba yeye hakutaka hata kuvusha macho. Aliirekebisha saa yake ili jua lichomozapo mishale iwe karibu na 12, basi.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka 1969 mambo mawili yalitokea katika dunia ya saa. Mwezi wa Julai wanaanga wa Marekani walitua mwezini wakiwa na saa za Omega Speedmaster, ambazo ni za kutia ufunguo kama ile ya baba. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuingia sokoni. Ndani yake kijiwe cha kwatzi hutetemeka kwa nguvu ya betri. Katika saa za kwatzi zilizofuata mtetemeko huo ni mara 32,768 kwa sekunde, na kwa sababu hiyo hazikosei ila sekunde chache kwa mwezi. Saa ya baba ikikosea sekunde 20 kwa siku tulisema ni nzuri. Astron ya kwanza iliuzwa kwa bei ya motokaa, lakini baada ya miaka kumi saa za kwatzi zilikuwa rahisi kuliko viatu. Huko Uswisi, ambako mwaka 1970 watu kama 90,000 waliishi kwa kazi ya saa, katikati ya miaka ya 1980 walibaki karibu theluthi moja.

Misukosuko hiyo ilifika Masasi, na ilifikia kwenye mkono wangu. Wakati ule korosho nazo zilikuwa zimeanguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga, bei ndogo, na mashamba kuachwa mbali watu walipohamishiwa vijijini, vyote vilichangia. Baiskeli ziliuzwa, saa zikauzwa. Lakini mimi sina kisingizio cha njaa, kwani nilikuwa na mshahara. Mwaka 1985, bidhaa za nje zilipoanza kuonekana tena madukani, niliona mtu na saa ya tarakimu, nyeusi, ukibonyeza inawaka taa, ukibonyeza tena inaimba. Nikampa saa ya baba na fedha juu yake.

Mwisho wa mwezi nikapanda Newala. Baba alikuwa amekaa barazani. Akaniuliza, "Saa ngapi sasa, mwanangu?"

Nikabonyeza, nikamjibu, "Saa kumi na dakika ishirini, baba."

Akaushika mkono wangu akautazama kwa muda. "Mbona hapa pameandikwa kumi na sita? Nani mwongo, wewe au saa?"

Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo siku ile wala siku nyingine yoyote. Mwaka uliofuata saa yangu ilizimika. Betri yake, ndogo kama kifungo cha shati, haikupatikana Masasi wala Newala. Kwenda Dar es Salaam kulikuwa kuvuka Rufiji kwa pantoni, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na masika njia haikupitika. Nikaitupa. Baba alipofariki, siku ya kuvunja matanga, mtoto wa shangazi aliniuliza kwa upole: "Ile saa ya mjomba unayo bado?" Yeye ndiye ambaye angeirithi. Sikuwa na la kumwambia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukusanya saa. Leo ninazo kumi na moja, zote za kutia ufunguo. Moja ni HMT Janata ya India, niliyoipata Kariakoo. Kiwanda cha HMT kilianza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen ya Japani, na jina Janata maana yake ni wananchi. Ilikuwa saa ya karani na mwalimu. Kampuni hiyo iliamriwa kufungwa mwaka 2016, na tangu hapo saa yake ya wananchi imekuwa ikisakwa na matajiri.

Watu hudhani mkusanyaji hutafuta dhahabu. Mathalani, tarehe 26 Oktoba 2017 huko New York, saa moja ya Rolex aina ya Daytona iliuzwa katika mnada kwa dola za Marekani zaidi ya milioni 17. Ilikuwa ya chuma cha pua, si dhahabu, tena ya kutia ufunguo. Thamani yake ilitokana na aliyeivaa, mwigizaji Paul Newman. Mkewe ndiye aliyempa, naye alichonga nyuma yake maneno machache ya kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu. Saa nyingine za aina hiyo hiyo, zisizokuwa na habari hizo, ziliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Hili ndilo jibu langu kwa yule kijana. Simu inakupa wakati ulio sahihi, wala sishindani nayo. Lakini simu ikifa hununui tena ile ile, na hakuna anayemwachia mwanawe simu yake. Saa ya kutia ufunguo hutengenezeka. Kila inapofunguliwa, inasafishwa na kupakwa mafuta, inaanza maisha mapya. Kila asubuhi inamtaka mtu mmoja aikumbuke, naye akiikumbuka humkumbuka aliyeizungusha kabla yake. Huo ndio mvuto wake.

Kwa wanaotaka kuanza, nawapa maneno machache. Usinunue saa yenye uso unaong'aa kama mpya juu ya mwili uliochakaa; nyingi zimepakwa rangi upya ili kudanganya macho. Uso wa asili, hata ukiwa na madoadoa, una thamani kuliko uliopakwa. Zungusha kitufe taratibu, na ukihisi kamani imegoma, acha. Usiilazimishe. Saa za zamani sana zenye mishale ya kung'aa gizani huenda zilipakwa radiamu, ambayo ni sumu yenye mionzi. Usizifungue wala kuukwangua unga wake. Na mpeleke fundi angali yupo. Yule wa barazani Masasi aliacha kazi macho yalipomshinda, na mahali pake sasa panauzwa vocha za simu.

Jambo linaloniumiza ni hili. Mwaka jana nilikutana na kijana mnunuzi wa vyuma chakavu akiwa na mzani na gunia lake. Ndani ya gunia, chini ya majembe na sufuria, palikuwa na saa mbili za mkono. Alizipima kwa kilo pamoja na vyuma vingine, kutoka nyumba ya mjane. Nilizinunua zote mbili. Nilipomwuliza zilikuwa za nani, akasema, "Mzee, mimi sikuuliza." Saa ninazo, mwenyewe amepotea. Mtu aliyepanda mikorosho, akavuna, akaenda na fedha yake dukani akachagua saa, amebaki hana jina.

Ndugu zangu, nyumbani kwenu zimo saa kama hizo. Kabla hazijauzwa au kutupwa, chukueni karatasi mwandike: nani aliinunua, mwaka gani, wapi, kwa fedha ya kazi gani. Ikunjeni mwiweke pamoja na saa. Na ninyi vijana mlioko shuleni, likizo ijayo waulizeni babu na bibi zenu, mkaandike kwa niaba yao. Mimi nimeahidi kuwa saa zangu kumi na moja, kila moja na karatasi yake, zitakuja kukaa katika maktaba ya shule, kwa sharti moja kwamba awepo mwanafunzi wa kuzitia ufunguo kila asubuhi.

Yule fundi wetu wa Masasi alikuwa na desturi waliyo nayo mafundi wengi duniani. Kila aliporekebisha saa, alikwaruza alama yake na mwaka kwa ncha ya sindano, upande wa ndani wa funiko. Kila saa ninayoipata naifungua kwanza nyuma kabla ya kuitazama mbele. Katika mojawapo ya zile mbili za guniani niliikuta alama yake, na mwaka 1974. Moyo ulinipiga, lakini haikuwa Roamer.

Ile ya baba ina alama zake mbili, ya mwaka 1972 na ya mwaka 1975. Ikiwa yupo miongoni mwenu aliye nayo, simdai. Aliipata kwa haki, maana niliitoa mwenyewe. Namwomba tu aandike katika karatasi yake kwamba ilinunuliwa Newala kwa korosho za msimu wa 1966/67, na kwamba hutiwa ufunguo asubuhi.